Somo la Saba: Mama Mwenye Mimba na Dawa ya Kuzuia Kutapika

Ndugu msomaji, somo hili ni la mama mwenye mimba, lakini mume wake asiliruke, wala mama mkwe. Maana mara nyingi si mama mwenyewe anayenunua dawa. Mume ndiye anayetumwa sokoni, na mama mkwe ndiye anayesema, "Mimi nilizaa watoto saba wala sikumeza kitu." Basi na tusome pamoja.

Ulizo letu ni moja tu: Mama mwenye mimba akitapika, ameze dawa au asimeze?

Katika vijiji vyetu utasikia majibu mawili. Mtu wa kwanza anasema, "Dawa ni dawa. Nenda dukani, nunua, umeze." Mtu wa pili anasema, "Usimeze dawa yo yote, itamwua mtoto." Wote wawili wamekosa. Jibu la kwanza limeharibu watoto. Jibu la pili limewaua mama. Tutaona jinsi mambo hayo yalivyotokea, kisha tutajifunza njia iliyo salama.

1. Kutapika huku kunatoka wapi?

Mwanamke akichukua mimba, mara nyingi moyo wake unachafuka. Harufu ya mawese yanayochemka, au ya samaki mbichi wa Lualaba, au ya sabuni tu, inamkimbiza nje. Katika wanawake 10 wenye mimba, 7 hivi wanapatwa na jambo hili. Linaanza katika juma la 4 mpaka la 6, tukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu yake ya mwisho. Linazidi karibu na juma la 9. Kwa walio wengi linakwisha kabla ya mimba kutimiza miezi mitano. Laweza kuja asubuhi, mchana, au usiku.

Watu wengine husema kwamba mama anayetapika sana amerogwa, au hampendi mume wake, au ana dhambi aliyoificha. Si kweli. Mwaka 2023 wataalamu wengi, kati yao Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Cambridge katika Uingereza, walionyesha chanzo chake kilicho kikubwa. Mtoto pamoja na kondo lake hutoa kitu kiitwacho GDF15. Kitu hiki huingia katika damu ya mama, hufika kwenye ubongo, nacho hugusa mahali panapoamrisha kutapika. Mwanamke aliyekuwa na kitu hiki kidogo sana kabla ya mimba, mwili wake haukukizoea, naye huumwa kuliko wengine. Kwa hiyo usimcheke mama anayetapika, wala usimwambie ajikaze tu. Huo ni ugonjwa wa mwili, kama homa ilivyo ugonjwa wa mwili.

Wengi hutapika kwa kiasi, wala wao wala watoto wao hawapati hasara. Lakini wako wachache, hawafiki 4 katika 100, ambao hutapika mpaka maji hayakai tumboni. Hao wako katika hatari ya kweli, nasi tutawasema mbele.

2. Mtoto anajengwa lini?

Mtu anayejenga nyumba anaanza na nguzo. Nguzo ikisimikwa vibaya, hawezi kuinyosha akiisha kuezeka. Mtoto naye anajengwa hivyo. Tangu juma la 3 mpaka la 8 baada ya mimba kutungwa, moyo wake unafanyizwa, na mikono, na miguu, na macho, na masikio. Majuma hayo yakiisha, mtoto ni mfupi kuliko kidole gumba chako, lakini karibu viungo vyake vyote vimekwisha kuwekwa mahali pake. Siku zinazofuata ni za kukua na kukomaa.

Sasa angalia vema. Siku za kutapika na siku za kusimika nguzo ni siku zile zile. Mama anatafuta dawa kwa haraka wakati ule ule ambapo dawa mbaya yaweza kumharibu mtoto zaidi. Tena siku za kwanza yeye mwenyewe pengine hajajua kwamba ana mimba. Ndiyo sababu tunamwambia kila mwanamke aliyeolewa: damu yako ikichelewa, sema hivyo kabla ya kupokea kidonge cho chote.

3. Dawa iliyoharibu watoto

Mwezi wa kumi mwaka 1957, kiwanda kimoja cha Ujerumani ya Magharibi, jina lake Chemie Grünenthal, kilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo talidomidi. Kwenye sanduku iliandikwa Contergan. Uingereza iliuzwa kwa jina la Distaval. Watu waliisifu sana. Walisema haina hatari, na katika Ujerumani mtu aliweza kuinunua bila karatasi ya mganga. Tena ilituliza moyo uliochafuka, basi mama wengi wenye mimba waliimeza.

Kisha watoto walianza kuzaliwa wenye mikono mifupi sana, mikono imeshikamana na mabega. Wengine hawakuwa na miguu. Wengine waliharibika masikio, au macho, au moyo. Mwaka 1961 mganga wa watoto Widukind Lenz wa Hamburg aliwauliza mama hao mmoja mmoja walimeza nini, akaona kwamba jibu ni talidomidi. Mbali sana naye, katika Australia, mganga William McBride aliona jambo lile lile akaliandika. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule dawa iliondolewa madukani katika Ujerumani, na siku chache baadaye katika Uingereza. Lakini watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamekwisha kuharibika, na wengi wao walikufa wakiwa wachanga. Kidonge kimoja tu, kikimezwa katika siku zile za kusimika nguzo, kiliweza kutosha.

Katika Marekani ilikuwa namna nyingine. Mwaka 1960 mwenye kiwanda alileta karatasi zake serikalini, akiomba ruhusa ya kuiuza. Karatasi zilifika mikononi mwa mwanamke mmoja, Dokta Frances Kelsey, aliyekuwa ameanza kazi ile mwaka ule ule. Alisoma, akaona ushahidi hautoshi. Wakamhimiza mara nyingi. Naye mara nyingi akajibu, leteni ushahidi kwanza. Kwa hiyo dawa ile haikuuzwa katika maduka ya nchi yake, ijapokuwa waganga wengine walipewa vidonge vya kujaribu. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimpa nishani, na mwaka huo huo sheria ya dawa ikakazwa.

Mama mwenye mimba, ulizo la Dokta Kelsey na liwe ulizo lako kila mara mtu anapokunyoshea kidonge: "Imejulikanaje kwamba dawa hii haimdhuru mtoto?" Kama muuzaji hajui kujibu, rudisha mkono wako.

Tena ujue kwamba talidomidi haikufa. Mwaka 1964 mganga Jacob Sheskin wa Yerusalemu aliona kwamba inatuliza maumivu makali ya wagonjwa wengine wa ukoma, na leo katika nchi nyingine inatumika pia kwa namna moja ya saratani. Huko Brazili watoto wengine waliharibika baadaye, kwa sababu kidonge cha mgonjwa wa ukoma kilimezwa na mwanamke mwenye mimba. Kidonge cha mtu mwingine si chako, hata kama anayekupa anakupenda.

4. Dawa njema iliyoogopwa bure

Msomaji atasema, "Basi, mtu wa pili ameshinda. Tusimeze kitu." Ngoja kwanza, usikie habari ya pili.

Tangu mwaka 1956 palikuwa katika Marekani dawa nyingine ya kutapika kwa mimba, jina lake Bendectin. Ndani yake mlikuwamo vitamini B6, iitwayo piridoksini, pamoja na dawa iitwayo doksilamini. Mamilioni ya mama waliitumia. Baada ya talidomidi watu waliingiwa na hofu. Wazazi wa watoto waliozaliwa na kilema walipeleka kiwanda mahakamani. Wataalamu walichunguza mara nyingi, wala hawakuona kwamba watoto wa mama walioimeza walikuwa na vilema kuliko watoto wengine. Lakini gharama ya mashtaka ilikuwa kubwa, na mwaka 1983 kiwanda kiliacha kuitengeneza.

Je, watoto wenye vilema walipungua? Hapana, hawakupungua. Lakini mama walioingizwa hospitalini kwa kutapika waliongezeka. Mwisho, mwaka 2013, serikali ya Marekani iliruhusu tena dawa yenye vitu vile vile viwili, kwa jina la Diclegis.

Katika mashtaka hayo, yule McBride wa Australia alikuja kuishuhudia vibaya Bendectin. Watu walimsikiliza, maana alikuwa amesema kweli juu ya talidomidi. Lakini mwaka 1993 baraza la kuwahukumu waganga katika jimbo lake liliona kwamba aliandika hesabu za uongo katika uchunguzi wake wa dawa nyingine, likamfuta katika orodha ya waganga. Basi jina kubwa la mtu halitoshi, wala akisifu dawa, wala akiilaani. Ushahidi ndio unaotakiwa.

5. Kwanza, mambo ya kufanya nyumbani

Mama wengi watapata nafuu bila kidonge. Jaribu hivi:

Usiache tumbo tupu. Weka karibu na kitanda kipande cha muhogo wa kuchoma au mkate mkavu, ule kidogo kabla ya kuondoka kitandani. Lakini muhogo mchungu sharti uwe umelowekwa siku zake zote, maana una sumu.

Kula kidogo mara tano au sita kwa siku, wala usingoje sahani moja kubwa ya jioni. Wali mkavu, ndizi ya kuchemsha, na karanga kidogo hukaa tumboni kuliko chakula chenye mafuta mengi.

Kunywa kidogo kidogo kati ya vyakula, si pamoja na chakula. Kama unatapika mara kwa mara, tengeneza maji ya chumvi na sukari: maji safi litre moja, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko kidogo. Kunywa kijiko kimoja kimoja.

Chemsha tangawizi. Kata kipande kama ncha ya kidole gumba, uchemshe katika maji, unywe kikombe kidogo. Wataalamu wameichunguza, wakaona inapunguza kuchafuka kwa moyo.

Kama vidonge vya damu, ndivyo vya chuma, vinakutapisha, usivitupe. Mwambie mkunga. Pengine atakupangia kumeza usiku pamoja na chakula, au atabadili kipimo kwa muda.

Na wewe mume, usikae kungoja tu. Kama harufu ya mawese inamwumiza mke wako, binti wa nyumbani au dada yako na apike nje kwa majuma hayo machache. Mchotee maji. Mwache alale mchana. Dawa hii haiuzwi, wala haina hatari.

6. Dawa ambazo mganga aweza kukupa

Kama mambo hayo hayakutosha, nenda kwenye dispensari au kituo cha afya. Usione haya. Ziko dawa ambazo zimechunguzwa kwa mama wengi sana.

Piridoksini, ndiyo vitamini B6. Mara nyingi huwa ya kwanza. Mama hupewa miligramu 10 mpaka 25, mara tatu kwa siku. Pengine huongezwa doksilamini, kama tulivyosoma.

Prometazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Phenergan. Ni dawa ya zamani, imetumika miaka mingi kwa mama wenye mimba. Inaleta usingizi. Ukiimeza, usiende mtoni peke yako, wala usibebe mtoto karibu na moto.

Metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Primperan. Mwaka 2009 wataalamu wa Israeli, na mwaka 2013 wataalamu wa Denmark, walihesabu watoto ambao mama zao waliimeza katika miezi ya kwanza. Katika Denmark peke yake walikuwa zaidi ya 28,000. Vilema havikuzidi kuliko vya watoto wengine. Lakini dawa hii yaweza kumsumbua mama mwenyewe: shingo inapinda, macho yanageuka juu, taya inakaza, zaidi kwa wasichana. Watu wakiona hivyo hudhani ni pepo. Si pepo, ni dawa. Acha kuimeza, rudi upesi kwa mganga, yeye anajua kuondoa jambo hilo. Haipasi kuzidi miligramu 30 kwa siku, wala siku 5.

Ondansetroni. Ina nguvu. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walichunguza mimba milioni 1 na laki 8. Waliona kwamba katika watoto 10,000 ambao mama zao waliimeza katika miezi mitatu ya kwanza, watoto 3 zaidi walizaliwa na mdomo uliopasuka au kaakaa lililopasuka. Vilema vya moyo havikuzidi. Mwaka 2019 wakubwa wa dawa katika Ulaya walishauri isitumike katika miezi mitatu ya kwanza. Waganga wa nchi nyingine huitumia bado, wakati dawa nyingine zimeshindwa na mama yu hatarini. Hatari ya mtoto ni ndogo, na hatari ya mama kukauka ni kubwa. Lakini kupima hivyo ni kazi ya mganga pamoja na mama, si kazi ya muuzaji wa sokoni.

7. Vitu vya kukataa

Pemba. Mama wengi wanakula udongo mweupe ili moyo utulie. Unatuliza kidogo, ni kweli. Lakini unazuia chakula cha damu kisiingie mwilini, na damu ya mama inapungua. Udongo mwingine una mayai ya wadudu wa tumbo, na mwingine una risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Dawa ya minyoo. Watu husema, "Unatapika kwa sababu ya minyoo." Lakini albendazoli na mebendazoli hazitolewi katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Baadaye, mkunga mwenyewe atakupa kwa wakati wake.

Misoprostoli, ambayo sanduku lake huandikwa Cytotec. Ilitengenezwa kwa vidonda vya tumbo. Muuzaji asiyejua kwamba una mimba aweza kukupa ukisema tu, "Tumbo linanisumbua." Inakaza tumbo la uzazi na kuharibu mimba.

Tetrasiklini, kile kidonge cha rangi mbili ambacho watu hukimeza kwa kila ugonjwa wa tumbo. Inaingia katika mifupa na meno ya mtoto.

Domperidoni, ambayo huuzwa pia kwa jina la Motilium. Mwaka 2014 wakubwa wa dawa katika Ulaya walipunguza matumizi yake kwa sababu yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Usijinunulie.

Kidonge kisicho na sanduku wala jina wala tarehe, kilichofungwa katika karatasi. Hakuna ajuaye ni kitu gani. Vivyo hivyo mizizi na majani yasiyojulikana kipimo chake.

8. Kutapika pamoja na homa

Hapa Kasongo na Kabambare mbu hawatuachi mwaka mzima. Malaria nayo inatapisha. Kwa hiyo mama mwenye mimba anayetapika na mwili wake una moto, au anatetemeka, au kichwa kinauma, asiseme, "Ni mimba tu." Na apimwe damu siku ile ile. Malaria yaweza kuua mama na mtoto.

Zamani katika miezi mitatu ya kwanza tulitoa kinini tu. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu linakubali dawa ya artemeteri pamoja na lumefantrini hata katika miezi hiyo. Kama umemeza dawa ya malaria, nawe ukaitapika kabla ya nusu saa kupita, rudi upewe nyingine. Usihesabu kwamba umeimeza.

9. Alama za hatari

Nenda hospitalini siku ile ile, usingoje siku ya soko, ukiona jambo moja katika haya:

Kila unachokula na kunywa kimetoka, kwa mchana mmoja na usiku mmoja.
Mkojo ni kidogo na mweusi kama chai, au hukukojoa tangu asubuhi mpaka jioni.
Ukisimama, kizunguzungu kinakuangusha.
Umekonda upesi. Mama wa kilo 50 akipungukiwa na kilo 2 na nusu, hiyo ni alama.
Unatapika damu, au macho yamekuwa ya manjano, au tumbo linauma sana, au damu inatoka chini.
Unaona vitu viwili viwili, unayumba kama mlevi, au maneno yako yamechanganyika.
Kutapika kumeanza upya baada ya mwezi wa tano, pamoja na kichwa kuuma sana au uso kuvimba. Hapo ni ugonjwa mwingine, nao ni mkali.

Sasa neno kubwa juu ya serumu. Watu wengi humwita mtu nyumbani atundike chupa ya maji ya sukari, wakisema, "Mama amekosa nguvu, apewe sukari." Sikilizeni. Mama aliyetapika majuma mengi amekwisha kupungukiwa na vitamini B1, ndiyo tiamini. Mwili hauwezi kutumia sukari bila tiamini. Ukimwaga sukari katika mshipa wake, kile kidogo kilichobaki kinakwisha, na ubongo unaharibika. Ndipo anapoanza kuyumba na kuona vitu viwili. Wengine hawaponi kabisa. Hospitalini mganga hutoa tiamini kwanza, tena hutumia maji ya chumvi kurudisha maji ya mwili. Chupa zafanana kwa macho, lakini hazifanani kwa kazi.

Najua njia ni mbaya, na wakati wa mvua ni mbaya zaidi. Mama wa Samba, au Wamaza, au Saramabila hafiki hospitali kubwa kwa saa moja. Kwa sababu hiyo aende kwanza kwenye kituo cha afya kilicho karibu, naye asingoje mpaka abebwe. Tangu mwaka 1971 Kasongo ilijulikana mbali kati ya waganga kwa kazi hiyo ya vituo vidogo, ambavyo vinaangalia watu karibu na nyumba zao na kupeleka kwenye hospitali wale waliozidiwa. Mama aliyepelekwa siku ya pili hupona upesi. Aliyeletwa siku ya kumi, tunapigana sana.

10. Maneno ya kusema

Tuseme mume ametumwa sokoni. Anasema, "Nipe dawa ya kutapika." Muuzaji anampa, naye anarudi nyumbani. Je, muuzaji amejua ni dawa ya nani? Hakujua. Pengine alidhani ni ya mwanamume aliyekula vibaya.

Sasa tuseme mume huyo amemleta mke wake kituoni. Mama anasema hivi:

"Hodi, mama mkunga. Nina mimba. Damu yangu ya mwisho ilikuwa wakati wa kupanda mpunga, miezi miwili imepita. Ninatapika mara nne kwa siku. Maji yanakaa kidogo. Sina homa. Nimekwisha kumeza vidonge hivi viwili vya sokoni."

Naye anaviweka mezani. Mkunga anajibu, "Karibu, mama. Umefanya vema kuvileta."

Tazama, maneno sita tu, wala hakuficha kitu. Amesema ana mimba. Ya miezi mingapi. Anatapika mara ngapi. Maji yanakaa au hayakai. Ana homa au hana. Na ni dawa gani amekwisha kumeza. Jifunze maneno hayo sita. Yaweza kumwokoa mtoto wako na mkono mfupi, nayo yaweza kukuokoa wewe na kaburi.

Mambo ya kukumbuka

Katika miezi mitatu ya kwanza usijinunulie dawa.
Lakini usijinyime dawa njema kwa hofu. Ziko zilizochunguzwa.
Anza na chakula kidogo kidogo, maji, tangawizi na kupumzika.
Kutapika pamoja na homa, kapime damu.
Maji yasipokaa mchana na usiku, nenda hospitalini.
Usikubali serumu ya sukari nyumbani.

Maulizo

1. Kwa nini siku za kutapika ni siku za kuangalia sana dawa?
2. Talidomidi iliwafanya nini watoto, na Dokta Kelsey alitaka kitu gani kabla ya kutoa ruhusa?
3. Dawa ya Bendectin ilipoondolewa mwaka 1983, mama walipatwa na nini?
4. Taja vitu vitatu ambavyo mama mwenye mimba asinunue sokoni kwa kutuliza moyo.
5. Kwa nini sukari katika mshipa yaweza kumharibu mama aliyetapika siku nyingi?
6. Sema yale maneno sita, bila kutazama kitabu. Kisha mfundishe jirani mmoja ambaye hajui kusoma.